Mlango umenyamaza, lakini mtoto apande?

Dada yangu ana sheria moja kuhusu gari la pili la mumewe: mtoto hapandi gari ambalo mlango wake unaongea.

Gari lenyewe ni Mazda ndogo ya wazi, ile inayojulikana kama MX-5, ambayo kwao Japani iliuzwa kwa jina la Eunos Roadster. Ina viti viwili tu, paa la turubai linalokunjwa nyuma, na taa za mbele zinazochomoza kama macho ya chura. Shemeji aliinunua kwa mtu aliyeichoka, na wiki ya kwanza alikuwa anaamka alfajiri kwenda kuitazama tu. Gari la familia, lile la milango mitano ambalo hapa Dar es Salaam unakutana nalo katika kila foleni, likasahaulika hata kuoshwa.

Tatizo lilikuwa kelele. Kwenye lami nzuri gari lilitulia. Likigusa rasta au tuta, mlango wa abiria ulianza kugonga, ka-ka-ka, kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Mtoto wao wa miaka sita alikuwa ameshaijua kuiiga. Baba yake akiingia getini jioni, yeye anatoka mbio akipiga kelele hiyo kwa mdomo. Alitaka kitu kimoja tu: kupelekwa shule na baba katika gari lile, paa likiwa limefunguliwa, wenzake wakimwona.

"Mlango ukinyamaza, tutazungumza," dada alisema.

Wazazi mnaosoma ukurasa huu mnajua jinsi sentensi ya namna hiyo inavyogeuka kuwa ahadi. Shemeji aliichukua hivyo, na mtoto pia. Ijumaa usiku nikapigiwa simu. "Shemeji, kesho njoo nyumbani. Si wewe unayeandika mambo ya afya? Nataka shahidi."

Nilikwenda nikidhani nitakunywa chai na kuondoka. Nilitoka huko saa mbili usiku.

Nianze na kelele yenyewe, maana hata mimi nilidhani ni uzee tu. Chukua boksi la viatu lenye mfuniko uliogandishwa kwa gundi. Likamate pembe mbili ulisokote: linagoma. Ondoa mfuniko, usokote tena: linakubali. Paa la chuma la gari la kawaida ndilo mfuniko huo. Kwenye gari la wazi halipo, na turubai haisaidii kitu. Watengenezaji huongeza nguvu sehemu ya chini, lakini hawawezi kurudisha yote. Gurudumu moja likipanda tuta kabla ya mwenzake, mwili wa gari hujisokota kidogo, na uwazi anamokaa mlango hubadilika umbo kwa kiasi ambacho jicho halioni. Mlango wenyewe haubadiliki, kwa hiyo unabaki unachezacheza ndani ya nafasi yake. Kinachozuia mchezo huo usiwe kelele ni bushi.

Sisemi zile bushi za miguu ambazo fundi anakutajia kila ukifika gereji. Bushi ya mlango ni kipande kidogo cha kujaa kiganjani, kilichofungwa kwa skrubu kwenye ukingo wa nyuma wa mlango, jirani na kitasa. Ukifunga mlango, kipande hicho kinabanana na mwenzake aliyepo kwenye nguzo ya gari, na mlango unashikwa usipande wala kushuka. Gari likiwa jipya vinabanana vizuri. Ukifungua na kufunga kwa miaka thelathini, huku jua likipiga, raba inakakamaa na plastiki inalika. Ikibaki nafasi hata ya unene wa ukucha, ka-ka-ka inaanza.

MX-5 ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Chicago, Februari 1989, na mwaka 2016 Mazda ilifikisha gari la milioni moja la aina hiyo. Kwa gari la viti viwili ni nyingi mno. Ndiyo sababu kuna watu nchi nyingi wanaohangaika na mlango uleule, na karakana ndogo zinazochonga bushi mbadala kwa plastiki ngumu iitwayo Delrin. Plastiki ya jamii hiyo ndiyo hutumika kwenye gia ndogondogo na hata kwenye meno ya zipu. Hailiki upesi na inateleza yenyewe bila grisi nyingi.

Shemeji hakujua hayo mwanzoni. Alizunguka Gerezani siku mbili. Kijana mmoja wa duka la spea alilitazama lile bushi kuukuu, akamuuliza kwa upole, "Braza, hii gari Dar nzima ni wewe na nani?" Mwingine alitaka kumuuzia kipande cha mpira wa tairi akikate mwenyewe. Mwishowe akaagiza mtandaoni, na mzigo ukaja kwenye begi la jamaa aliyekuwa anarudi kutoka Dubai.

Kabla ya kuagiza alikuwa amefanya jambo la akili, na nalipendekeza kwa kila mwenye gari linalogonga, liwe la wazi au lenye paa. Alizungushia bushi kuukuu utepe mweusi wa mafundi umeme, tabaka mbili, akafunga mlango na kwenda kupita matuta ya mtaani. Kelele ikapungua sana. Hapo akajua mgonjwa ni nani. Ningefurahi wazazi wangefanya hivyo na homa za watoto pia, kupima kabla ya kununua dawa, lakini hayo tuliyaandika wiki nyingine.

Kipimo cha pili ni cha bawaba. Fungua mlango nusu, shika ncha yake kwa mikono miwili, unyanyue taratibu. Ukipanda na kushuka kabla gari halijatikisika, bawaba ndizo zimelika, na bushi mpya karibu na kitasa haitakusaidia. Tatu, shusha kioo nusu uone kama kelele inabadilika, kwa sababu kioo kisicho na fremu, kama cha gari hili, nacho hugonga. Na usisahau mkanda wa abiria. Ukiachwa unaning'inia, ule ulimi wake wa chuma unagonga plastiki ya nguzo, na watu wamebadilisha milango kwa kosa la mkanda.

Basi Jumamosi saa tatu asubuhi tulikuwa uani. Mimi nilishika tochi. Mtoto alipewa kazi ya kutunza skrubu ndani ya kifuniko cha ndoo, akakaa nazo kama mhasibu. Mdogo wake wa mwaka na nusu, ambaye kila anachokiona ni chakula, nilimrudisha ndani kwa mama yake, na skrubu tukazihesabu kabla na baada. Kitu kidogo kinachong'aa sakafuni kina sekunde chache tu kabla hakijaingia mdomoni, na kutoka hapo ni kooni.

Kazi yenyewe si kubwa isipokuwa kufungua skrubu za zamani. Skrubu za magari ya Japani zina kichwa cha nyota kinachofanana na hiki cha kawaida lakini si kilekile. Bisibisi ya dukani hukaa juujuu, inateleza na kukichuna, na kikishachunika Jumamosi imekwisha. Shemeji alipulizia mafuta ya kulegeza kutu, akasubiri muda wa kunywa chai nzima, akaweka bisibisi yenye ncha iliyokaa sawasawa, akaigonga kwa nyundo mara tatu ndipo akazungusha. Skrubu ya kwanza ilitoa sauti kama mfupa. Nyingine zikafuata.

Bushi kuukuu tuliiweka juu ya ukuta. Upande mmoja ulikuwa umelika ukawa kama sabuni ya kuogea iliyokaribia kwisha. Ile mpya ilikuwa nyeusi, ngumu, yenye kingo zilizonyooka. Tukasafisha mahali pake, tukaifunga, kisha shemeji akapaka raba za mlango mafuta ya silikoni. Hapa alinifundisha: raba isipakwe grisi wala oili ya injini, kwa sababu mafuta ya namna hiyo huifanya ivimbe na kulegea. Nilikuwa naona mafundi wakipaka oili kila siku na nikidhani ni utaalamu.

Akafunga mlango. Ukagoma.

Kwa usahihi, ulifunga nusu. Nataka tusimame hapa kidogo, kwa sababu linahusu hata wale ambao hawatapanda gari la wazi maishani mwao. Kitasa cha mlango wa gari kina hatua mbili. Ukiusukuma polepole unasikia mlio wa kwanza, kisha wa pili. Hatua ya kwanza ni ya akiba. Inazuia mlango usifunguke moja kwa moja, lakini mlango haujakaa mahali pake. Hatua ya pili ndiyo kufunga kwenyewe. Mtoto anapofunga mlango mwenyewe mara nyingi huishia kwenye hatua ya kwanza, mzazi anasikia "ka" na kuondoa gari. Ukitaka kujua, angalia kama ukingo wa mlango uko usawa na mwili wa gari, au usukume kwa nje. Kama una nafasi ya kuingia ndani zaidi, haujafungwa.

Bushi mpya ilikuwa imekaza, hivyo mlango ulihitaji nguvu kufika hatua ya pili. Shemeji aliufunga kwa kishindo. Ukakaa.

Tukatoka, mimi na yeye, tukapita matuta yote ya mtaa, tukaingia barabara kubwa, tukapita rasta. Kimya. Nilisikia upepo, nikasikia injini, nikasikia bodaboda akimtukana mtu. Mlango haukusema neno. Shemeji alinigeukia na uso wa mtu aliyepokea matokeo ya mtihani.

Tuliporudi mtoto alikuwa getini. Akapanda, akakaa kiti cha abiria gari likiwa limesimama, akashika dashibodi, akaendesha hewa. Baba yake akamwambia ashuke, wanakwenda kumwita mama aje asikie. Akashuka. Alipokuwa anajinyanyua alijishikilia kwenye nguzo, pale pale panapofunga mlango. Baba yake alikuwa ameshaanza kuzungumza nami, mkono wake uko mlangoni. Na kwa kuwa mlango sasa ulihitaji kishindo, akaupa kishindo.

Sitaelezea kilio. Mwenye mtoto anakijua.

Mlango ulikuwa umenasa ncha ya kidole cha kati. Kwa bahati alianza kuchomoa mkono, kwa hiyo kilibanwa sehemu ndogo. Nilikipeleka bombani nikakiweka chini ya maji ya baridi yanayotiririka, huku dada amembeba, kama dakika kumi hivi. Baada ya maji, barafu iliyofungwa kwenye taulo, kwa vipindi vifupi. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja, kwani inaweza kuiunguza. Mkono ukae juu, usawa wa moyo au zaidi, uvimbe upungue. Kama ana pete au kamba ya mkononi, vua mapema. Dawa ya maumivu ya watoto kwa kipimo cha uzito wake inatosha. Asipewe aspirini.

Watu wengi huishia hapo. Sisi tulikwenda kituo cha afya, na nitaeleza kwa nini. Ukucha ulianza kuwa mweusi, maana yake damu ilikuwa inakusanyika chini yake, na hilo huuma kwa mpigo kama saa. Daktari anaweza kuitoa kwa tundu dogo, na maumivu yakashuka papo hapo. Usijaribu nyumbani kwa sindano iliyochomwa kwenye kiberiti, hata kama bibi alikuwa anafanya hivyo. Pili, kidole kikishindwa kukunjika au kunyooka, kikiwa kimepinda, kikiwa na jeraha lililozama, au ukucha ukiwa umeng'oka kwenye mzizi, panaweza kuwa na mfupa uliovunjika. Na ikitokea ncha ya kidole imekatika kabisa, ifunge kwenye kitambaa safi chenye unyevu, iweke ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, kisha mfuko huo uweke juu ya barafu. Usiitumbukize ncha yenyewe kwenye barafu wala kwenye maji. Bana jeraha kwa kitambaa safi, kimbieni hospitali.

Cha kwake kilikunjika na kunyooka. Hakikuvunjika. Alirudi na bandeji kubwa kuliko kidole, akaionyesha kwa majirani wote.

Shemeji alikuwa amekaa kimya njia nzima, kwenye gari la familia, kwa sababu lile jingine lisingetutosha. Tulipofika, dada alimpa mtoto uji, akamlaza, akatoka sebuleni na kukaa.

"Nilisema mlango ukinyamaza tutazungumza," alisema. "Haya, tuzungumze."

Kwa haki, shemeji alijitetea vizuri. Kidole ni ajali ambayo ingetokea kwenye mlango wowote, hata wa choo. Shule haiko mbali. Haendeshi kwa kasi. Na gari lake ni la zamani, upande wa abiria halina mfuko wa hewa, kwa hiyo ile hatari ya mfuko kumfumukia mtoto usoni haipo. Kisha akanigeukia mimi, shahidi.

Nilimwambia kazi aliyoifanya ni nzuri na nilikuwa najivunia kuishika tochi. Lakini bushi haijawahi kuwa kitu kinachomzuia mtoto asidondoke. Kinachoshika mlango ni kitasa na bawaba, na vyote vilikuwa salama hata wakati wa kelele. Bushi inatuliza tu. Maana yake mlango uliogonga haukuwa hatari kama dada alivyoogopa, na mlango ulionyamaza haujaongeza usalama kama shemeji alivyotumaini. Gari ni lilelile: viti viwili, vyote vya mbele, mkanda uliokatwa kwa kipimo cha mtu mzima.

Mtoto wa miaka sita akifungwa mkanda wa mtu mzima, kipande cha chini kinapanda tumboni badala ya kukaa juu ya mapaja na nyonga, na cha juu kinapita shingoni badala ya begani. Breki kali ikipigwa, tumbo laini ndilo linalobeba uzito wote. Ongeza kwamba gari lile ni fupi kiasi kwamba kwenye foleni kichwa cha mtoto kiko usawa wa tairi la lori, na moshi wa lori unatoka hapohapo, bila paa wala kioo. Na likipinduka, la shemeji halina hata chuma cha nyuma ya viti cha kulinda vichwa. Mtu mzima anaweza kuamua kuishi na hayo. Mtoto haamui, anapakiwa tu.

Dada alitabasamu. Nikamwambia asitabasamu bado.

Kwa kuwa nilipokuwa nimekaa kiti cha nyuma cha gari la familia, kwenda na kurudi kituo cha afya, nilitafuta mkanda sikuuona. Mikanda ya nyuma ilikuwa imezikwa chini ya vitambaa vya viti, vile vya manyoya alivyovinunua yeye mwenyewe. Nilipofungua mlango wa nyuma na kutazama ukingo wake, pale karibu na kitasa, kile kijiti kidogo cha loki ya watoto kilikuwa hakijawekwa, pande zote mbili. Mtoto angeweza kufungua mlango kutoka ndani gari likiwa kwenye mwendo. Na nilikumbuka jinsi ninavyowaona kila siku wakipita: yule mkubwa amesimama katikati ya viti vya mbele, kidevu juu ya bega la baba, na mdogo amepakatwa mbele, mahali ambapo gari hilo, tofauti na la shemeji, lina mfuko wa hewa.

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Gari hilo halijawahi kugonga mlango.

Sikutaka kumwaibisha dada yangu. Nyumba nyingi ziko hivyo, na hata sisi tulikua tukisimama katikati ya viti. Shirika la Afya Duniani linataja ajali za barabarani kuwa chanzo kikuu cha vifo vya watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, na bado ukienda kununua gari unaulizia mafuta linakula kiasi gani. Nilichomwambia dada ni kwamba alikuwa na hofu sahihi ila ameiweka kwenye gari lisilo sahihi, kwa kuwa moja linapiga kelele na jingine limetulia.

Tulichofanya jioni ile ndicho kilichonichelewesha. Tulivua vitambaa vya viti, tukaichomoa mikanda, tukapima kila mmoja kwa kuuvuta ghafla kuona kama unakamata. Mmoja ulikuwa umekwama na utapelekwa kwa fundi, na kiti chake hakikaliwi mpaka hapo. Tukaweka loki za watoto. Kwenye magari mengi ni kijiti cha kusogeza kwa ncha ya ufunguo. Baadaye unafunga mlango ukiwa ndani na kujaribu kuufungua kuhakikisha. Kwa yule mkubwa kimenunuliwa kiti cha kumnyanyua, ili mkanda umkae begani na kwenye nyonga. Mdogo ana kiti chake cha kufungwa, nyuma, kikitazama nyuma ya gari. Kiti cha namna hiyo hakiwekwi kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Ukifumuka unakipiga kiti mgongoni, kilipo kichwa cha mtoto.

Siku tatu za kwanza mdogo alilia kuanzia getini hadi shuleni kwa kaka yake. Ya nne akalala.

Na mlango wa Mazda? Shemeji alilegeza kidogo kile chuma cha kwenye nguzo kinachong'atwa na kitasa, akakisogeza nje kwa kiasi cha unene wa kadi ya simu, akakaza tena. Sasa mlango unafika hatua ya pili bila kishindo, unausukuma kwa kiganja, na bado haugongi. Pia wamejiwekea utaratibu: kabla ya kufunga mlango wa gari lolote, mwenye kufunga anasema "mikono!" na watoto wananyanyua mikono juu. Yule mkubwa ananyanyua kile chenye ukucha mweusi kwanza.

Kuhusu kupanda, hawajakubaliana hadi leo. Shemeji alisoma kwamba Uingereza mtoto anaruhusiwa kuacha kiti maalumu akifikisha sentimita 135 au miaka 12, chochote kitakachotangulia. Akachora mstari kwa penseli kwenye fremu ya mlango wa jikoni. Dada naye akasoma kwamba Ujerumani ni miaka hiyohiyo lakini sentimita 150, akachora wake juu. Waliponiuliza nilisema mimi niko na ule wa juu, na hata hapo napenda watoto wakae nyuma mpaka wavuke miaka 12, na gari lile nyuma halina. Shemeji akaniambia nimehongwa.

Mtoto ana sentimita 114. Kila Jumapili anavua viatu, anasimama kwenye fremu, anaweka kiganja juu ya kichwa, halafu anageuka kutazama penseli iko wapi.